Jani Mdomoni mwa Njia

Maneno yenyewe yalikuwa manne tu. Octave aliyasema asubuhi, saa moja hivi, mbele ya nyumba aliyopanga Bruno pale Kasongo, pampu ikiwa kwapani na akili yake yote ikiwa kwa binti mmoja aliyeinama akifunga kamba za viatu. "Majani njo itawaonesha njia," alisema, njo ya kwao ikiwa ndiyo. Akaona yametosha. Mtu aliyesukuma baiskeli miaka ishirini na miwili kwenye barabara ya Kabambare haoni la kuongeza hapo.

Na hapo ndipo ubaya ulipoanzia, kweupe kabisa, watu wanakunywa chai.

Wasukumaji ni wale wanaotoa bidoni, yaani madumu, za mawese kule Kabambare mpaka Kasongo, kisha wanarudi na chumvi na sabuni. Baiskeli inabebeshwa mpaka haipandiki tena, mtu anaisukuma kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani. Wanakwenda wametawanyika, mmoja yuko mbele, mwenzake nusu siku nyuma. Sasa, wa mbele akifika kwenye njia panda anakata tawi bichi, wenyewe wanaliita jani, analilaza kwenye mdomo wa njia mbaya. Maana yake ni moja: huku pamefungwa, usipite. Likiifunga hii, ile nyingine si ndiyo yako? Mtoto wa Kasongo analijua hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Lakini wale waliokuwa wakinywa chai ya Bruno hawakuwa watoto wa Kasongo, na Octave, Mungu amsamehe, hilo halikumpitia kichwani.

Bruno mwenyewe, mwenye safari, alikuwa mtu wa Bukavu. Alikuwa ameleta baiskeli mpya za matairi manene na jile, vile vizibao, za rangi ya machungwa, akatangaza kwenye telefoni: siku saba, Kasongo mpaka Kabambare na kurudi, kiongozi ni mzee wa barabara, Papa Octave. Waliojiandikisha walikuwa watatu. Cécilia na mume wake François walikuwa walimu kutoka Kindu, wameambiwa na muganga wa hospitali wapunguze tumbo. Wa tatu alikuwa Laura. Nyuma ya wote angekwenda Rosine, muuza samaki wa Nyangwe, mwanamke wa sauti nene aliyezoea baiskeli kuliko wanaume wengi, kazi yake kuhakikisha hakuna anayebaki njiani.

Laura alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alikuwa binti wa Octave.

Tusizungushe maneno: Octave hakumlea. Mama yake Laura alikufa mtoto akiwa na miaka minne. Baba alikuwa barabarani siku ishirini za kila mwezi, na mdogo wa marehemu, Sidonie, akaja akamfunga mtoto mgongoni akaenda naye Bukavu. Octave hakugomba. Alilia, akalamba chumvi ya machozi yake, akarudi kwenye bidoni zake. Miaka kumi na tisa binti alikuwa sauti kwenye telefoni tu, Noeli na Pasaka. Halafu aliona lile tangazo la Bruno na jina la kiongozi, akajiandikisha bila kumwambia mtu. Juzi alishuka kwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, akamnyooshea mkono. "Yambo, Papa Octave."

Papa Octave. Ndivyo kila mtu anavyomwita pale, muuza mikate, polisi, mtoto wa jirani. Papa Octave ni heshima ya mtaa mzima. Baba wa mtu haitwi hivyo na mtoto wake. Mtoto anasema Papa, basi, jina linaanguka. Octave alikuwa amengoja jina lianguke tangu juzi jioni, na kila mara alipolisikia bado limekaa aliitikia tu, "Njo, mama?" Aliona haya kuomba. Angeanzia wapi kuomba?

Na asubuhi ile Sidonie alikuwa amepiga telefoni kutoka Bukavu. Hakusalimia sana. "Octave, nilikuchukulia mutoto wa miaka ine, nimemukomalisha. Leo nakupatia muzima. Unasikia? Nitamutaka muzima."

"Nasikia, Sidonie."

"Ile barabara yako mimi siipendi."

Chai ikaisha, wote wakaondoka.

Kitu cha kwanza ambacho Octave hakukipenda ni kwamba hawakukutana na mtu. Ilikuwa siku ya soko. Siku ya soko, ikifika saa tatu, barabara ile inakuwa na wasukumaji tele wanaoshuka na mawese, kengele zinalia, mtu anatukana, mwingine anaimba. Leo ilikuwa tupu. Aliona alama za matairi, lakini za zamani, mvua imezipapasa. Majani yalikuwa yameanza kuota katikati ya barabara. Cécilia akasema, "Jamani, kimya kizuri namna hii!" Octave akaitikia kwa kichwa. Yeye alikuwa bado akitafuta alama mpya ya tairi vumbini.

Kwenye njia panda ya kwanza, pale njia moja inapokwenda Nyangwe, alitangulia, akakata tawi, akalilaza kwenye mdomo wa njia ya Nyangwe, akasonga mbele. Akawangoja kwenye kilima. Bruno alifika macho kwenye telefoni yake, ile yenye ramani. Walimu wakamfuata Bruno. Rosine na Laura walifika nyuma kabisa.

"Huyu mutoto wako!" Rosine alicheka. "Kidogo tu anipotee. Niliita mpaka shingo ikauma."

"Nilifwata jani," Laura akasema, uso umemwiva kwa haya.

Wote wakacheka. Octave hakucheka. Alifurahi, tena alifurahi mpaka masikio yakawaka moto. Bruno ana ramani, walimu wana Bruno, lakini binti yangu anaangalia jani langu! Hakuuliza Rosine alimwita kutoka wapi. Swali lilikuwa pale, la kuokota tu, akalivuka.

Walipumzika kwenye kivuli cha michikichi, wakala mihogo na karanga. Laura akagusa kengele ya baiskeli ya Octave, kengele nene ya chuma iliyopauka. "Papa Octave, hii iko ya zamani?"

"Inakupita miaka. Mama yako aliisikia ikiwa kule kwenye mto, anaweka maji yangu ya kuoga kwenye moto."

Laura aliiliza mara moja, ting, akaisikiliza mpaka ikaisha. Basi Octave akatoa spana, akaifungua kengele, akaifunga kwenye usukani wa baiskeli mpya ya Laura.

"Aksanti," Laura akasema. Safari hii hakutaja jina lolote. Octave aliona. Akajiambia, wacha, tuna siku saba.

Mchana ulipopinduka, wakiukaribia upande wa Lusangi, Octave alitangulia tena. Hapo barabara inagawanyika. Ya kushoto ni barabara yenyewe, pana, imenyooka. Ya kulia ni kijia chembamba kinachoingia kwenye majani marefu. Wakati wake yeye kijia kile kilikuwa cha wawindaji. Sasa kilikuwa kimekanyagwa mpaka udongo unang'aa, na barabara pana ilikuwa imebaki yatima. Alisimama akikuna kidevu.

Kutoka kwenye kijia akatokea mtu na baiskeli yenye bidoni sita. Alikuwa Musafiri, msukumaji mwenzake wa zamani, amekonda, jasho linamtiririka. Hawakukumbatiana hata. Musafiri alimshika mkono akauvuta.

"Papa Octave, usipite barabara. Usiweke hata muguu."

"Kuko nini?"

"Wakreseri. Walichimba kufwata dhahabu chini kwa chini mpaka wakaingia chini ya barabara. Juu unaona barabara, ndani hakuna kitu. Wiki ilipita mbuzi ilianguka ndani. Tuliisikia inalia kule chini. Kisha haikulia tena."

Octave akaangalia ule weupe wa barabara, ulionyooka na kutulia. "Juu ya nini hamukufunga?"

"Tunafunga kila siku! Wao wanaondosha matawi. Hawataki watu waulize." Musafiri akatema mate. "Wengi siku hizi wanazungukia mbali. Na wewe chunga: kule kwenye kijito, ubao moja ya daraja imelegea. Mwenye hajue anaanguka na kinga yake, baiskeli nzima na bidoni."

Akasukuma baiskeli yake, akaenda kukata kwa njia ya mashamba. Octave akabaki peke yake.

Sasa angeweza kungoja pale. Hilo alilirudia baadaye mara nyingi, na sisi tuliseme pia. Angekaa chini, akawasha sigara, akawangoja watu wake. Lakini msukumaji hangoji kwenye njia panda. Jani ndilo linalomngojea mwenzake. Ndiyo sababu liko. Isitoshe, mawazo yake yalikuwa kwenye ule ubao. Akilini alimwona Laura, tairi linaingia kwenye ufa wa daraja, anakwenda kichwa chini kwenye mawe. Nitamutaka muzima, Sidonie alisema.

Akakata tawi la mpera, kubwa kuliko alilowahi kukata maishani, la majani mengi. Akalilaza katikati kabisa ya mdomo wa barabara pana, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama. Hata kipofu ataliona, akasema moyoni. Akaingia kwenye kijia kwenda kutengeneza daraja.

Ubao ulimchukua muda. Aliutoa, akaugeuza, akaupigilia kwa jiwe, akaurukia mara nne mwenyewe ili ajue. Akanawa uso kwenye kijito. Akakaa, akasubiri, na kile kimya cha asubuhi kikarudi kukaa naye.

Mwisho wakatokea. Alikuja Bruno, kisha François, kisha Cécilia anachechemea, kisha Rosine na mikono myeusi ya gundi. Tairi la Cécilia lilikuwa limetoboka, wote wamesimama kulitia kiraka. Octave alihesabu jile za machungwa. Akahesabu tena.

"Laura iko wapi?"

Rosine akamtazama. "Si iko na wewe?"

"Na mimi namna gani?"

"Alitutangulia," Bruno akasema. "Wakati wa ile tairi. Alisema anataka kukufikia, mupande kilima pamoja. Nikamwambia angoje, nimuoneshe ramani. Akasema hapana, Papa Octave alisha sema, nitafwata jani."

Nitafwata jani. Octave alisikia maneno yale yakiingia polepole, kisha yote yakaingia kwa pamoja. Asubuhi, chai, pampu kwapani: majani njo itawaonesha njia. Nilifwata jani. Huyu mutoto wako, kidogo tu anipotee. Njia ya Nyangwe! Rosine alimwita kutoka njia ya Nyangwe, aliyokuwa ameingia kwa sababu jani la baba yake lilikuwa limelala pale.

"Rosine. Kwenye njia panda mulikuta tawi?"

"Tulikuta. Limesimamishwa wima, na mawe chini. Nikasema, Papa Octave leo amefunga kweli kweli."

"Mimi nililaza."

Rosine akafunika mdomo kwa ile mikono myeusi.

Octave hakupanda baiskeli. Aliiacha ikaanguka, akakimbia kwa miguu yake ya miaka hamsini na moja, majani yakimkata usoni, na nyuma yake Bruno akiuliza nini, ni nini, muniambie basi. Kwenye njia panda tawi lilikuwa limesimama, mawe matatu yamepangwa kwa uangalifu kulishikilia. Kando yake kulikuwa na alama ya kiatu kidogo. Tairi nene jipya lilikuwa limepita pembeni ya mawe, likaingia barabarani na kwenda zake.

"Musikanyage!" aliwapigia kelele waliomfuata. "Mubaki hapo hapo, wote!"

Akaingia peke yake. Alitembea kwanza, kisha akapiga magoti, kisha akatambaa, kwa sababu chini ya viganja vyake udongo ulikuwa ukiitika kama ngoma. Alama ya tairi ilikwenda imenyooka mbele yake. Mtu aliyeichora alikuwa na furaha; sehemu moja alikuwa amecheza, kushoto, kulia, kushoto. Kisha barabara ikaisha. Ilikuwa imeanguka ndani, tundu la upana wa chumba, kingo zake bado zikidondosha changarawe.

Na kutoka ndani, ting.

Octave alilala kifudifudi, akajivuta mpaka ukingoni. Chini kulikuwa na giza, na kwenye giza lile, mbali, rangi ya machungwa. Laura alikuwa ameegemea kitu, baiskeli imemlalia miguuni, udongo umemfika kiunoni. Kidole chake kilikuwa kwenye kengele.

"Mama," Octave akaita kwa sauti ndogo. "Niko hapa."

Uso ukainuka. "Papa Octave?"

"Ni mimi."

Kipande cha udongo kikameguka upande wa pili, kikamwangukia Laura begani. Octave akageuza kichwa, akamwambia Rosine bila kupaza sauti akimbilie Lusangi, alete kamba, alete watu, hata wale wakreseri wenyewe, Bruno aende naye, walimu wasogee mbali. Akasikia miguu ikiondoka. Akafungua mipira ya kufungia mizigo aliyokuwa amejifunga kiunoni, akaiunga mitatu, akaiteremsha. Iliishia juu sana. Ilining'inia pale, haifai kitu, naye hakuweza kuivuta tena, kwa sababu kila alipotikisa mkono ukingo ulitoa mchanga.

"Wanakuja," akasema. "Usijitikise. Wanaleta kamba."

"Nilifwata jani lako." Binti alikuwa akilia, sauti inapanda. "Nikaona limelala; la asubuhi nilifikiri upepo ulilisukuma, basi hili nikalisimamisha, wengine walione vizuri. Nilikosea wapi? Papa! Nilikosea wapi?"

Papa.

Jina lilikuwa limeanguka. Miaka kumi na tisa, Noeli na Pasaka, na sasa neno lilimjia kutoka chini ya ardhi, tupu, lake peke yake. Na pamoja nalo ukaja udongo. Ulimeguka palepale sauti ilipogonga, kapu zima, ukamfunika Laura mpaka kifuani.

"Papa, Papa, niondoshe, Pa..."

"Nyamaza, mama." Octave alisema hivyo huku machozi yakimdondoka moja kwa moja kwenye lile tundu. "Hukukosea. Ni mimi. Lakini usiniite. Unasikia? Sauti inaleta udongo. Usiniite tena, hata kidogo, mpaka mimi nikuambie."

Laura akanyamaza. Tangu asubuhi, kati ya wote wale, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akilishika neno la baba yake.

Kwa mbali, upande wa Lusangi, mbwa alibweka, pengine kwa ajili ya Rosine, pengine bure. Mchanga ukamwagika tena, kidogo tu. Kengele haikulia. Octave akalaza shavu kwenye ukingo, akazuia pumzi yake ili asikie ya mwanawe.